"Wote Hawakufaulu": Uhakiki wa Maneno ya Kiasi katika Zoezi Moja la Mantiki

Makala haya yametokana na karatasi moja ya mazoezi. Mwenzangu mmoja, afundishaye hisabati katika chuo kimoja cha huku kwetu kati ya Embu na Meru, aliniletea karatasi hiyo akiwa na hasira kidogo. Wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza wa sayansi ya kompyuta walikuwa wakisoma hisabati diskriti, yaani ile hisabati ya vitu vihesabikavyo kimoja kimoja, nao walikuwa wamefikia mantiki ya viarifu. Alikuwa ameona kwamba wanafunzi hao wakiwa nje ya darasa hujadiliana kwa Kiswahili, kwani wa Igembe, wa Mbeere na mwenzao atokaye Kakamega hawana lugha nyingine ya pamoja bwenini iliyo nyepesi kuliko hiyo. Basi kwa nia njema akazifasiri kwa Kiswahili sentensi kumi na mbili za kitabu chake cha Kiingereza, akawataka waziandike kwa alama. Matokeo yakawa mabaya kuliko yale ya zoezi lilo hilo kwa Kiingereza. Hukumu yake aliitamka mbele yangu bila kupepesa macho: Kiswahili hakina mantiki.

Tuhuma ya namna hiyo haijibiwi kwa uzalendo. Tangu mwaka 2010 Katiba ya Kenya, katika ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lugha ya sheria isiyoweza kutenga "si wote" na "hakuna hata mmoja" ingekuwa lugha ya hatari. Kwa hiyo yafaa tuichukue karatasi yenyewe, tuitazame sentensi baada ya sentensi, tuone kosa ni la nani: la lugha, la mfasiri, la wanafunzi, au letu sisi walimu wa sarufi. Nisimfiche msomaji kwamba nilianza kazi hii nikitumaini kumshinda mwenzangu, na kwamba katika sehemu moja au mbili nimelazimika kumkubalia.

Kwanza neno juu ya istilahi. Mantiki mpya, ile aliyoiasisi Mjerumani Gottlob Frege mwaka 1879, ina maneno mawili ya kiasi: la jumla, liandikwalo siku hizi ∀, na la uwapo, liandikwalo ∃. Nitaziita alama ya jumla na alama ya uwapo, mpaka wakubwa wa istilahi watupatie majina bora. Neno "kiarifu" lakini linaleta matata ambayo karatasi ile haikuyafikiria. Mwanafunzi wetu amefundishwa tangu shule ya msingi kwamba sentensi ina kiima na kiarifu, na kwamba kiarifu ni yote yasemwayo juu ya kiima. Katika "Kirimi anamfundisha Njeru", kiarifu chake ni "anamfundisha Njeru". Mwanamantiki halisemi jambo hilo. Kwake yeye kiarifu ni "fundisha" tu, chenye matundu mawili, F(x,y), na Kirimi na Njeru wote wawili ni vijazo vya matundu hayo. Wanafunzi kadhaa waliandika F(x) pale palipotakiwa F(x,y), wakaambiwa hawakusoma. Walikuwa wamesoma mno. Walichokisoma ndicho kilichowaponza.

La kusikitisha ni kwamba kitenzi chetu kingeweza kuwafundisha jambo hilo kwa dakika mbili. Neno "anamfundisha" likiwa peke yake ni sentensi kamili, na ndani yake mna matundu yote mawili yakiwa wazi: a- ndiyo x, -m- ndiyo y. Hiyo ni fomula yenye vigeu viwili huru. Zaidi ya hayo, ngeli zetu huwekea kila kigeu mipaka ya vitu kinavyoweza kuvisimamia: ki- ya "kilianguka" haiwezi kumsimamia mtu wa kawaida, wala u- ya "ulianguka" haiwezi kukisimamia kiti. Waandishi wa lugha za kompyuta hulazimika kutangaza aina ya kila kigeu kabla ya kukitumia. Mswahili huitangaza kila afunguapo kinywa.

Sasa tuje kwenye sentensi ya kwanza ya karatasi, ambayo ndiyo iliyozua ugomvi:

(1) Wanafunzi wote hawakufaulu.

Jibu la mwalimu lilikuwa ∀x(W(x) → ¬F(x)), yaani hakuna aliyefaulu. Nusu ya darasa waliandika ¬∀x(W(x) → F(x)), yaani walikuwako walioanguka, na hao wakapewa sifuri. Swali ni kama walistahili sifuri hiyo. Nadhani hawakuistahili. Sentensi (1) ina sura mbili, na kila msemaji wa Kiswahili huzijua zote mbili. Methali isemayo "Vyote ving'aavyo si dhahabu" ingetafsiriwa kama alivyotaka mwalimu, ingekuwa uongo mtupu, kwa sababu dhahabu yenyewe inang'aa. Hakuna aisikiaye methali hiyo akadhani kwamba anaambiwa dhahabu haing'ai. Huipa ukanushi upeo mpana, ukaifunika "vyote". Ni kweli kwamba methali hiyo ina ndugu zake Ulaya wenye utata uo huo, na kwa hiyo mtu aweza kusema kwamba ni ya kuazima. Tuiache basi, tuitazame nyingine ambayo ni yetu bila shaka: "Mtaka yote hukosa yote."

Methali hii yafaa kukaliwa kitako. Mbona wahenga hawakusema "Mtaka yote hapati yote"? "Kukosa" na "kutopata" si jambo moja? Jaribu kuibadili, msomaji, uone inavyopoteza nguvu zake. "Mtaka yote hapati yote" haimtishi mtu. Mwenye tamaa atajibu kwamba akipata robo tatu zinamtosha. Ukanushi wa kiambishi, ha-, huwa na tabia ya kuruka juu ya "yote" iliyo baada ya kitenzi, na maana ikawa "si yote". Lakini ukanushi uliomo ndani ya mzizi, kama katika "kosa", hauruki. Hubaki pale pale, chini ya "yote", na maana ikawa kwamba hapati hata moja. Wahenga walichagua mzizi badala ya kiambishi, na uteuzi huo ndio unaoipa methali makali yake. Sijaona sarufi ya shule iliyoitaja tofauti hiyo.

Mpangilio wa maneno nao una kazi yake. Linganisha:

(2) Sikuvuna mahindi yote.
(3) Mahindi yote sikuyavuna.

Kwa sikio langu, na kwa masikio ya wanafunzi wangu niliowauliza, (2) husema kwamba mengine yalibaki shambani, na (3) huelekea kusema kwamba sikuvuna hata moja. Katika (3) mahindi yametangulizwa, yakachukuliwa na kiambishi -ya- ndani ya kitenzi, na ukanushi ukabaki nyuma yake. Ikiwa mtu ataka kuepuka utata kabisa, lugha inampa njia mbili zilizo nyoofu:

(4) Hakuna mwanafunzi aliyefaulu.
(5) Si wanafunzi wote waliofaulu.

Katika (4) "hakuna" ni ¬∃ bila kificho. Katika (5) "si" limetolewa nje likakaa mbele ya "wote", na kitenzi kikavaa kirejeshi. Hizo ndizo fomula mbili walizokuwa wakibishania, na Kiswahili kinazitenga waziwazi. Mwandishi wa karatasi aliyapita maumbo haya mawili yasiyo na shaka, akachagua lile moja lenye nyuso mbili, kwa sababu ndilo lililofanana na sentensi ya Kiingereza aliyokuwa akiifasiri. Tuseme bango la kituo cha kununulia majani ya chai lingesema "Wakulima wote hawatalipwa Ijumaa". Mkulima wa Runyenjes angefunga safari, au angebaki nyumbani? Aliyeandika bango la namna hiyo hastahili kuwalaumu waliokuja.

Hapa niungame jambo. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili ng'ambo, katika semina ya semantiki niliulizwa Kiswahili husemaje "si wote". Nilijibu upesi, tena kwa kujiamini, kwa sentensi ya namna ya (1). Aliyenisahihisha alikuwa Mzungu asiyejua Kiswahili ila kwa vitabu. Aliniuliza tu kama sentensi yangu haiwezi kuwa na maana nyingine. Nilikaa kimya.

Sehemu ya pili ya karatasi ilihusu mpangilio wa alama mbili. Kila mwalimu wa mantiki hulifikia jambo hili: ∀x∃y si sawa na ∃y∀x. Kusema kwamba kila mkulima ana shamba si kusema kwamba kuna shamba moja ambalo ni la wakulima wote. La pili, likiwa kweli, hulifanya la kwanza kuwa kweli. La kwanza halilazimishi la pili. Sentensi alizozitoa mwenzangu ni hizi:

(6) Kila mtu anampenda mtu.
(7) Kila mtu anampenda mtu mmoja.

Kwa zote mbili alitaka ∀x∃yP(x,y). Wanafunzi waligawanyika tena, hasa katika (7), ambapo wengi walimwona huyo "mtu mmoja" kuwa ni yule yule apendwaye na wote. Mwalimu alishangaa. Mimi ninashangaa kwamba wako walioyapata majibu aliyoyataka.

Jambo ambalo karatasi haikulijua ni hili. Kiswahili kina chombo kizuri cha kupanga alama hizo mbili, nacho ni kiambishi cha mtendwa. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alikwisha kuonyesha kwamba kiambishi hicho kikitumiwa pamoja na jina la kitu, kitu hicho huwa ni kile kijulikanacho. Tazama basi:

(8) Kila gari huvuka mto.
(9) Kila gari huuvuka mto.

Tuwe tunazungumza juu ya magari yafuatayo barabara kuu kutoka Embu kwenda Meru. Sentensi (8) yaridhika ikiwa kila gari lina mto linaouvuka, hata kama mito ni mbalimbali: ∀x∃y. Sentensi (9) inakutaka uujue mto huo mmoja, na kwa watu wa huku, pale mpakani, ni Thuci: ∃y∀x. Silabi moja, -u-, imepanga alama mbili za mantiki. Nilipoiandika mifano hii ubaoni mbele ya wanafunzi wale wale walioanguka, hakuna aliyehitaji kuelezwa mara ya pili.

Lakini kwa watu chombo hiki hupotea. Sarufi yetu hulazimisha kiambishi cha mtendwa kila mtendwa awapo mtu: "anampenda mtu" ndiyo sahihi, na "anapenda mtu" hukwaruza masikio ya wenye lugha. Kiambishi kikiwa cha lazima, hakibainishi tena lolote. Kwa hiyo (6) haiwezi kutuambia kama apendwaye ni mmoja au ni wengi. Na mwenzangu, kwa kuwa vitabu vya Kiingereza hupenda mifano ya watu wapendanao, alijaza karatasi nzima watu: wanapendana, wanajuana, wanafundishana. Alikichukua Kiswahili akakipeleka mahali pekee ambapo kimevuliwa silaha yake, kisha akakihukumu kwa kushindwa vita. Angetumia vitabu, mito, mashamba au magunia ya kahawa, angepata majibu mengine.

Niseme pia mpaka wa hoja yangu, ili nisije nikashikwa. "Kila mwanafunzi alikisoma kitabu chake" ina kiambishi -ki-, nayo haisemi juu ya kitabu kimoja. Kitabu kinajulikana, ndiyo, lakini kinajulikana kwa kumpitia mwanafunzi: mpe x, nawe utakipata kitabu cha x. "Kila ndege huruka kwa ubawa wake" imejengwa vivyo hivyo. Wanamantiki wana jina la uhusiano wa namna hiyo, wanaliita kwa jina la Mnorwei Thoralf Skolem. Sisi tuna "-ake", na mtoto wa miaka mitatu huitumia.

Tuje sasa kwa "yeyote". Karatasi ililifasiri neno hili kwa ∀ kila lilipotokea, na hapa sina budi kusema kwamba kosa la mwenzangu lilifundishwa na sisi. Vitabu vya sarufi vya shule zetu huviweka -ote na -o-ote katika kapu la "vivumishi vya pekee", pamoja na -enye, -enyewe na -ingine. Sababu ya kuwaweka pamoja ni umbo tu. "Kila" hukaa katika kapu jingine, "baadhi" huitwa nomino, na "hakuna" huachiwa vitenzi. Mwanafunzi humaliza miaka kumi na miwili ya Kiswahili akijua kupatanisha "chochote", "lolote" na "popote" bila kukosea hata herufi, na asijue kwamba maneno haya yote, pamoja na "kila" na "baadhi", yanafanya kazi ya ukoo mmoja. Huambiwa kwamba -ote ni bila kubakiza na -o-ote ni bila kuchagua. Si uongo, lakini hautoshi:

(10) Mwanafunzi yeyote aweza kulijibu swali hili.
(11) Sikumwona mwanafunzi yeyote.
(12) Yuko mwanafunzi yeyote nje?
(13) Mtu yeyote akija, mbwa atabweka.

Katika (10) maana ni ya jumla. Katika (12) tunauliza juu ya uwapo. Hakuna aulizaye kama wanafunzi wote wako nje. Katika (11) waweza kuchagua: ukiandika ¬∃xM(x) au ∀x¬M(x), umesema jambo lile lile, kwa sheria ya De Morgan. Na (13) ndiyo inayonifurahisha. Waweza kuisoma kwamba kwa kila mtu, huyo akija mbwa atabweka, ∀x(J(x) → B). Waweza kuisoma pia kwamba ikiwa yuko ajaye, mbwa atabweka, ∃xJ(x) → B. Hizo ni sawa sawa, maadamu x haimo katika sehemu ya pili. Alama ya uwapo iliyo ndani ya sharti, ukiitoa nje, hugeuka kuwa ya jumla. Kanuni hiyo huwatoa wanafunzi jasho. "Yeyote" huibeba mgongoni bila kulalamika, na mwalimu aliye tayari angeanzia hapo.

Hata lugha za nyumbani zingesaidia. Kimeru kina -onthe, ndugu wa damu wa -ote yetu, na wanafunzi wangu wa huko husema kwamba mambo mengi ya (2) na (3) wanayasikia pia katika lugha ya mama. "Kila" na "baadhi", kwa upande mwingine, tumezipokea kutoka Kiarabu. Uhusiano wa maneno ya asili na ya kupokewa katika kazi hii moja unastahili makala yake.

Karatasi haikuwa na sentensi hata moja yenye neno la idadi lililorudiwa. Sababu ni wazi: Kiingereza hakina. Walakini "wanafunzi watatu walinunua vitabu viwili" haitwambii kama vitabu ni viwili kwa jumla au ni sita, na "wanafunzi watatu walinunua vitabu viwili viwili" hutwambia ni sita. Kurudia huko ni alama ya jumla iliyofichwa katika idadi. Vivyo hivyo hapakuwa na mfano wa tendo la pamoja. Wazee wa Njuri Ncheke wakikutana Nchiru, huwezi kuandika ∀x(W(x) → K(x)), kwa kuwa mzee mmoja hawezi kukutana peke yake.

Na hapa kuna jambo ambalo namkubalia mwenzangu, ingawa si kwa sababu aliyoitoa. Iko mipaka, lakini ni mipaka ya alama zake. Katiba yetu, katika ibara ya 27 na ya 81, yataka wanachama wa vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa walio wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili. Mtu mwenye ∀ na ∃ peke yake, asiyejua idadi ya wanachama wa chombo, ataweza kuandika kwamba si wanachama wote walio wa jinsia moja. Lakini sharti hilo hutimizwa na mwanamke mmoja tu katika bunge zima. Uwiano haushikiki kwa alama hizo mbili: Jon Barwise na Robin Cooper walionyesha mwaka 1981 kwamba hata neno "wengi", likiwa na maana ya zaidi ya nusu, halielezeki kwa mantiki ya kawaida ya viarifu. Kiswahili na Kiingereza vyote hulisema kwa urahisi. Kulitekeleza ni jambo jingine: Mahakama ya Juu ilishauri Desemba 2012 kwamba kanuni hiyo itimizwe hatua kwa hatua, na Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje Bunge kwa kutotunga sheria yake. Bunge halikuvunjwa. Nimeutaja mfano huu kwa sababu wanafunzi waliujadili kwa bidii kuliko watu wapendanao wote wa karatasi ile.

Tuliiandika karatasi upya, mwenzangu nami, jioni mbili. Sentensi (1) ikatoa nafasi kwa (4) na (5). Mito na mashamba vikachukua mahali pa wapenzi. "Yeyote" ikapewa sehemu yake. Alikubali pia kuwarudishia alama walioandika ¬∀ katika swali la kwanza. Katika swali la tisa hatujapatana. Sentensi ilikuwa "Baadhi ya wakulima wanalima miraa", naye anataka ∃x(M(x) ∧ L(x)), yaani hata mkulima mmoja atosha. Mimi nasema kwamba Mswahili akitaja "baadhi" huwa anakusudia zaidi ya mmoja, na kwamba kwa mmoja angesema "yuko mkulima alimaye miraa". Yeye ananijibu kwamba hilo ni dokezo tu, si maana. Wanafunzi saba bado wanangoja alama zao.